Gazeti la Upande wa Pili

Muuza magazeti ameegemeza baiskeli ukutani.
Mvua ya Juni inamtiririka kwenye kofia ya plastiki.
Anauliza, bila kunitazama usoni:
"Hili la pili, dada, nikate?"
Leo ni siku ya kumi na sita
tangu tumkabidhi baba kwa moto.

Tulikuwa nyumba ya magazeti mawili.
La kwanza lilikuwa letu, la chama,
likisema tuliyokwisha kuyasema mezani.
La pili lilikuwa lao,
la wenye mashamba mapana na kengele za kanisa,
na hilo ndilo baba alilolifungua kwanza,
kabla ya chai, kabla ya mswaki,
penseli nyekundu sikioni kama seremala.

Mama alinuna miaka thelathini.
"Unamlipa adui aje akutukane alfajiri?"
Naye, akipuliza chai:
"Langu linanijua, Kalyani. Hili linanipima."
Mama akajibu kwamba kipimo cha namna hiyo
yeye alikipata bure kwa mama mkwe.

Usidhani alikuwa mpole.
Nilimsikia akifoka peke yake barazani:
kibaraka, kinywa cha kukodi, mjinga wa kusomeshwa!
Siku moja alilitupa mferejini,
bata wakatawanyika wakipiga kelele.
Baadaye nikamwona majini, shuka kaikunja magotini,
analiopoa,
analianika kambani katikati ya mashati,
kwa kuwa hakuwa amemaliza aya ya mwisho.

Jana nimefungua kabati lake.
Wadudu wamekula tarehe, wameacha hasira.
Pembezoni mwa kila ukurasa, mwandiko mwekundu:
"Uongo."
"Uongo."
"Takwimu hii umeitoa wapi, kwa shemeji yako?"
Kisha makala ya Avarachan, jirani wa ng'ambo ya mfereji,
aliyeandika kwamba lango la maji tulilolipigania
litazuia chumvi isiingie mpungani, sawa,
lakini maji yatalala, yataoza,
na wavua kamba watakula nini?
Hapo baba ameandika, herufi ndogo:
"Sina jibu."
Chini yake, penseli butu, siku nyingine:
"Bado sina."
Chini kabisa, mstari unapanda kilima:
"Nimevuka kumuuliza. Naye hana.
Tumekula muhogo kwa samaki."

Muhogo! Na sisi watoto tulikatazwa
hata kuokota mpira ukiangukia uani kwake.
Kwenye mazishi alisimama nje ya uzio,
mwavuli mkononi, haukufunguliwa, mvua ikimpiga.
Nilidhani amekuja kuhakikisha.

Mimi naishi Bangalori.
Simu yangu hunichagulia watu wanaonena kama mimi,
tangu kuamka mpaka kulala.
Ni kama kukaa ndani ya mtungi:
ninachosema hunirudia, kimenenepa,
nami nakipokea kama mgeni mwenye hekima.
Ni lini mara ya mwisho niliandika, popote pale,
kwamba sina jibu?

Sisemi Avarachan alikuwa na haki.
Lango limesimama, mpunga umeota,
tumesoma kwa mpunga ule, mimi na kaka zangu.
Na kila Machi mfereji unanuka,
na nyumba za wavua kamba zina kufuli.
Mambo haya mawili hayapatani
na hakuna hata moja linalokubali kuondoka.

Muuza magazeti anakohoa. Mvua haina subira naye.
"Acha yote mawili," nasema.
Anasema bei imepanda.
"La pili ndilo limepanda zaidi?"
"Ndilo," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu.

Naketi kwenye kiti chake, kile kinachoyumba.
Nalifungua la pili.
Mstari wa tatu tu, nimeshachemka,
napapasa sikio langu, hamna kitu.
Mama anatoka jikoni, hakuna aliyemwita.
Ananyoosha mkono bado una unga:
penseli nyekundu,
imeshachongwa.